Kutambua njia za uchapaji na namna tofauti za stempu za zamani: jibu kuhusu albamu ya babu na neno "Zanzidar"

Ndugu yangu, umeuliza mambo matatu kuhusu albamu uliyoachiwa na marehemu babu yako aliyefanya kazi posta ya Tanga: utajuaje stempu imechapwa kwa njia ipi, kwa nini katalogi inatoa nambari na bei tofauti kwa stempu ambazo machoni pako zinafanana kabisa, na kama ile stempu ya India iliyopigwa neno "Zanzidar" badala ya "Zanzibar" ni ya kweli au imeghushiwa. Nitakujibu yote kwa pamoja, kwa sababu katika miaka yangu ya kukusanya stempu za Zanzibar na za bara nimeona kwamba maswali hayo yanarudi kwenye jambo moja, nalo ni jinsi wino ulivyofika juu ya karatasi. Ukishalijua hilo, utajua pia kasoro zipi zinaweza kuzaliwa katika njia hiyo na zipi haziwezi. Na kasoro isiyoweza kuzaliwa katika njia iliyotumika ama ni kazi ya mghushi, ama ni uharibifu uliotokea baada ya stempu kutoka kiwandani.

Kabla hujagusa stempu zenye thamani, yafundishe macho yako kwa stempu za bei ndogo. Nina hakika katika albamu hiyo utakuta seti ya Kenya, Uganda na Tanganyika iliyotoka tarehe 1 Oktoba 1960, kwa kuwa karibu kila aliyeandika au kupokea barua katika miaka ile aliachiwa baadhi yake. Stempu za senti katika seti hiyo, yaani zile za katani, pamba, kahawa, nyumbu, punda milia na wenzao, zilichapwa kwa fotogravu; zile za shilingi, kuanzia ya shilingi 1 yenye maporomoko ya Murchison, zilichapwa kwa mchongo. Kiwanda ni kimoja, De La Rue, na mwaka ni mmoja, kwa hiyo tofauti utakayoiona baina ya stempu hizo ni tofauti ya njia ya kuchapa tu. Tafuta kioo cha kukuzia cha mara 10, kama wanachotumia masonara, ukae karibu na dirisha asubuhi. Katika stempu ya senti utaona kwamba picha nzima, pamoja na kingo za herufi, imepitiwa na wavu wa vitone vidogo vilivyopangwa sawasawa, na kwamba kivuli kinakolea na kufifia polepole bila mstari wowote. Katika stempu ya shilingi hakuna wavu huo. Kila kivuli kimejengwa kwa mistari na vidoti vilivyochongwa kimoja kimoja, vyembamba hapa na vinene pale, na mahali penye giza mistari inapishana. Rudia zoezi hilo mpaka uweze kuzitenganisha bila kusita, ndipo uzirudie stempu za Masultani wa Zanzibar.

Katika uchapaji wa mchongo, picha inachimbwa ndani ya chuma, wino unajazwa kwenye mitaro, uso wa bamba unafutwa ukawa safi, kisha karatasi inashindiliwa kwa nguvu mpaka inazama katika mitaro hiyo na kuunyanyua wino. Kwa sababu hiyo wino wa mchongo umesimama juu ya karatasi. Ukiiinamisha stempu kwenye mwanga wa pembeni, utaona mistari minene ikitupa vivuli vyake, na ukipitisha ncha ya kidole kwa wepesi sana utahisi mkwaruzo. Wako wanaoweka karatasi nyembamba ya fedha ya pakiti ya sigara juu ya stempu na kuisugua ili mistari ijitokeze. Njia hiyo inafanya kazi, lakini siipendekezi kwa stempu ambayo haijatumika, kwa kuwa msuguo huo unaweza kuumiza uso wake. Zamani karatasi ya kuchapia kwa mchongo ilikuwa ikilowanishwa kwanza, na ilipokauka ilinywea kidogo, si kwa kiasi kilekile kila mara. Hivyo usishtuke ukipima stempu mbili halali za mchongo ukakuta moja imezidi nyingine kwa sehemu ya milimita.

Mfano mzuri wa njia hiyo ni stempu za kwanza zenye sura ya Sultani wa Zanzibar, zile za Sayyid Hamad bin Thuwaini, ambazo zilitoka mwishoni mwa 1896 hali mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki mwezi Agosti wa mwaka huo. Zilichapwa kwa mchongo na De La Rue, na bendera katika stempu zote ni nyekundu, rangi iliyopitishwa peke yake. Ziangalie bendera hizo kwa kioo: mara nyingi utazikuta zimesogea kidogo kulia au kushoto, juu au chini. Msogeo wa namna hiyo ulitokea wakati wa kuchapa, unatofautiana kutoka karatasi hadi karatasi, na mimi siutoi thamani yoyote ya ziada isipokuwa uwe mkubwa kiasi cha kuonekana kwa jicho tupu. Stempu za Sayyid Hamoud bin Muhammed zilizofuata mwaka 1899 zilichapwa pia kwa mchongo.

Sasa zichukue stempu za 1904, za Sayyid Ali bin Hamoud, ambazo badala ya sura zina alama ya jina lake. Hizi zilichapwa kwa njia iliyo kinyume kabisa, yaani chapa ya kuinuka, ambayo sehemu ya kuchapa ndiyo iliyo juu kama herufi za risasi za mtambo wa gazeti. Wino unapakwa juu ya sehemu iliyoinuka kisha unabanwa kwenye karatasi, na kwa kuwa unabanwa, unakimbilia kwenye kingo. Ukitazama mstari wowote wa stempu hizo kwa kioo utaona ukingo uliokolea na katikati iliyopauka. Dalili hiyo ndiyo ninayoiamini kuliko zote katika kuitambua chapa ya kuinuka. Igeuze stempu nyuma, uilaze kwenye mwanga wa pembeni, na mara nyingi utaona umbo la herufi limesukumwa kutoka mbele, hasa kwenye maandishi mazito. Uso wake hauna mkwaruzo wa mchongo. Weka ya 1899 na ya 1904 ubavu kwa ubavu chini ya kioo kimoja, nawe hutahitaji tena maelezo yangu juu ya tofauti za njia hizo mbili.

Njia ya tatu ni litografia, ambayo wino hauinuki wala hauzami: uso wa kuchapia ni bapa, na sehemu zinazokataa wino zinatenganishwa na zinazoupokea kwa grisi na maji. Mfano wake kwetu ni stempu za Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki za mwaka 1890, zenye jua na taji, zilizochapwa na Bradbury Wilkinson na kutumika Mombasa na vituo vya kampuni hiyo. Wino wake umelala bapa, hauna ukingo uliokolea, haukuacha alama nyuma, na ukiutazama mstari mwembamba utaona kingo zake ni laini kidogo, hazina ukali wa patasi. Kwa ufupi, litografia unaitambua kwa kukosekana kwa dalili za njia nyingine mbili.

Nimekaa sana kwenye njia za uchapaji kwa sababu namna tofauti, zile ambazo katalogi huzipa herufi ndogo baada ya nambari, hazieleweki bila hizo. Kila mara ninapoona tofauti katika stempu najiuliza ilizaliwa katika hatua gani ya kazi. Kama ilizaliwa kwenye bamba, itajirudia mahali palepale katika kila karatasi iliyochapwa kwa bamba hilo, na ukipata mfano wa pili unaofanana nayo kabisa umepata ushahidi. Kama ilizaliwa wakati wa kupitisha karatasi mtamboni, kwa mfano wino ulipokuwa mwingi au uzi ulipoangukia bamba, haitajirudia. Aina hiyo ya pili inapendeza kutazama, lakini haistahili bei ambayo baadhi ya wauzaji wanaidai.

Bamba la mchongo linatengenezwa kwa kuhamisha picha moja iliyochongwa kwenye rola ya chuma, kisha rola hiyo inakandamizwa kwenye bamba mara nyingi, mara moja kwa kila stempu. Ikiwa mara mojawapo haikukaa sawa na ikabidi irudiwe, mistari ya kwanza inabaki kama kivuli pembeni mwa ile ya pili, na mistari maradufu inaonekana. Urudufu wa namna hiyo hauwezi kuwepo kwenye stempu ya 1904, kwa kuwa hiyo ni ya chapa ya kuinuka. Pia fundi anaweza kulirekebisha bamba lililochakaa kwa mkono, au mchoro wenyewe ukaguswa kati ya uchapaji mmoja na mwingine. Stempu ya senti 5 ya Kenya, Uganda na Tanganyika ya mwaka 1935, yenye jahazi katika Ziwa Victoria na sura ya Mfalme George wa Tano, inajulikana kwa jambo hilo: katika aina ya kwanza kamba ya kushoto haikugusa tanga, na katika aina ya pili imeligusa. Hii ni tofauti halisi iliyo kwenye chuma. Lakini mghushi mwenye kalamu nyembamba anaweza kuiunga kamba hiyo, na hapo ndipo ujuzi wa njia ya uchapaji unapokuokoa, kwa kuwa kipande kilichoongezwa kwa kalamu kitakuwa bapa na kitakuwa kimeingia katika nyuzi za karatasi, wakati kamba ya kweli imesimama juu ya karatasi pamoja na mistari mingine ya tanga.

Sasa nije kwenye "Zanzidar" yako. Kabla ya stempu za Masultani, Zanzibar ilitumia stempu za India zilizopigwa neno "Zanzibar" juu yake kuanzia Novemba 1895. Neno hilo halikupigwa London wala Calcutta; lilipigwa hapa Unguja, katika kiwanda cha chapa cha gazeti la Zanzibar Gazette, kwa herufi za risasi zilizopangwa kwa mkono. Kwa hiyo stempu uliyonayo imepita mtamboni mara mbili: mara ya kwanza Uingereza kwa De La Rue, kwa chapa ya kuinuka, na mara ya pili Unguja, kwa chapa ya kuinuka vilevile lakini kwa herufi za kawaida za kiwanda kidogo kilichozoea kuchapa matangazo. Neno lilipaswa kupangwa upya kwa kila nafasi ya stempu, na mpanga herufi alichukua herufi yoyote iliyokuwa karibu. Ndipo tukapata "Zanzidar", "Zanizbar", "Zapzibar" na "Zanzipar", tukapata herufi q iliyopinduliwa ikasimama mahali pa b, na tukapata herufi z za ukubwa usiolingana katika neno moja. Kiwanda hichohicho kilipiga pia maneno "British East Africa" kwenye stempu za India kwa ajili ya bara katika mwaka huohuo wa 1895, na makosa ni ya ukoo uleule: utakuta tarakimu 1 mahali pa i, ikasomeka "Br1tish" au "Afr1ca".

Mimi nayapenda makosa haya kuliko namna nyingine zote za stempu za Afrika Mashariki, kwa sababu ndani yake unauona mkono wa mfanyakazi wa Unguja akitafuta herufi katika visanduku vilivyopungukiwa. Kwa sababu hiyohiyo yanaghushiwa mno. Stempu za India za Malkia Victoria zimejaa duniani kwa bei ya chini, na mghushi hahitaji kutengeneza stempu, anahitaji neno moja tu. Basi litazame neno hilo peke yake, uisahau stempu iliyo chini yake. Je, kila herufi ina ule ukingo uliokolea wa chapa ya kuinuka? Je, ukigeuza nyuma, unaona msukumo wa herufi katika karatasi? Neno lililochapwa kwa mashine za kompyuta za leo litaonyesha vitone vya wino vilivyotapakaa pembeni, au tabaka lenye mng'ao lililokaa juu ya karatasi bila kuikandamiza. Neno lililopigwa kwa muhuri wa mpira litakuwa na kingo laini na wino usiolingana.

Kisha tazama muhuri wa posta. Neno "Zanzibar" lilipigwa kabla stempu haijauzwa, na muhuri ulipigwa baada ya hapo, kwa hiyo wino wa muhuri lazima uwe juu ya neno. Nimeoneshwa stempu nyingi za aina hii ambazo neno lilikuwa juu ya muhuri, na muhuri wenyewe ulikuwa wa mji wa India usiokuwa na habari yoyote na Unguja. Pale mistari ya muhuri inapokatana na herufi ndipo penye hukumu, na kioo cha mara 10 kinatosha kwa kazi hiyo kama una subira ya kuigeuza stempu katika mwanga. Jambo la mwisho ni nafasi. Kwa kuwa kosa la "Zanzidar" lilikaa mahali maalumu katika mpangilio wa herufi, herufi zake nyingine nazo zina tabia zake za kudumu, mikwaruzo na mipindo midogo, ambayo mtaalamu hulinganisha na karatasi nzima zilizohifadhiwa. Hapa mimi na wewe tunaishia, na mtoa hati ya uthibitisho anaanza.

Stempu za Mombasa za mwaka 1891, ambazo thamani yake ilibadilishwa kwa muhuri au kwa kuandikwa kwa mkono na kutiwa herufi A.D. za Andrew Dick, mhasibu mkuu wa Kampuni, usizinunue kabisa bila hati.

Alama ya maji, yaani alama iliyotiwa ndani ya karatasi yenyewe ilipotengenezwa, nayo inatenganisha stempu ambazo macho hayaoni tofauti. Stempu za Sayyid Hamad za 1896 zina ua moja la waridi katika kila stempu, na nyingi za zile za Sayyid Hamoud zina maua madogo mengi yaliyosambaa. Baadaye, katika stempu za Sayyid Khalifa bin Haroub zilizoanza 1913, utakuta, kuanzia 1914, taji na herufi CA (za Crown Agents, mawakala wa makoloni ya Uingereza), kwanza zilizonyooka na kisha, kuanzia 1921, zenye mwandiko wa mkono. Kwa stempu za twiga za Tanganyika za mwaka 1922, zilizochongwa na Bradbury Wilkinson, itazame pia mielekeo: stempu za shilingi zipo zenye alama iliyosimama na zenye alama iliyolala, na katalogi inazitofautisha. Mara nyingi inatosha kuilaza stempu kifudifudi juu ya kitu cheusi. Ikishindikana, tone la petroli safi ya viberiti huidhihirisha alama na kukauka lenyewe, ila fanya hivyo mbali na moto, na usijaribu kwa stempu za fotogravu, kwa kuwa baadhi ya wino zake huyeyuka.

Kwa kuwa babu yako alifanya kazi Tanga, huenda kuna stempu za Wajerumani zenye merikebu ya Kaiser, mfalme wa Ujerumani. Kanuni ni ileile: thamani ndogo, za pesa na baadaye za heler (sarafu ndogo za koloni la Wajerumani), zilichapwa kwa chapa ya kuinuka, na zile kubwa za rupia kwa mchongo, zote Berlin, stempu za pesa za 1901 hazina alama ya maji, na za heler zipo zisizokuwa nayo na zenye nayo. Na ukikuta stempu yenye maandishi tupu bila merikebu, ya heler 2½, heler 7½ au rupia 1, iweke kando kwa uangalifu mkubwa. Hizo zilichapwa mwaka 1916 katika kiwanda cha misheni cha Vuga, Usambara, kilekile ambacho wazee wetu walikijua kwa vitabu vya Kiswahili, wakati stempu za Ulaya zilipokuwa hazifiki kwa sababu ya vita. Meli ilifanikiwa kupenya na kuleta stempu za kawaida, hivyo hizi hazikutolewa. Zilifukiwa ardhini zisitekwe, zikafukuliwa baada ya vita. Nyingi zina madoa ya unyevu wa shimo hilo, na kwa stempu hizo doa si aibu.

Rangi ndiyo kigezo ninachokiamini mwisho kabisa. Albamu iliyokaa miaka mingi katika unyevu na chumvi ya pwani hubadilika, na zambarau iliyopigwa jua inaweza kukupa kivuli ambacho hakikutoka kiwandani kamwe. Ukiona tofauti ya rangi, linganisha nyuma ya stempu na sehemu iliyofunikwa na kikaratasi cha gundi kabla hujafungua katalogi.

Usiloweke chochote majini. Wino wa De La Rue wa chapa ya kuinuka mara nyingi ulitengenezwa makusudi usivumilie maji, ili mtu asiweze kuufuta muhuri na kuitumia stempu tena, nawe utaifuta picha yenyewe. Stempu zilizo bado kwenye bahasha ziache hapo hapo, kwa sababu bahasha ya Tanga yenye muhuri unaosomeka inaweza kuzidi thamani ya stempu iliyo juu yake. Ile ya "Zanzidar" itoe kwa kibano, uipige picha kwa skana mbele na nyuma kwa kiwango cha nukta 1200 kwa inchi, pamoja na picha moja ya pembeni ambayo mwanga unapita juu ya neno kutoka kushoto, na uonyeshe kwa ukaribu pale muhuri unapokatana na herufi d. Nikiziona picha hizo nitakuambia kama inafaa kulipia hati.